Wamekula, Lakini Wamekulaje?

Tulikwama kwenye maneno matatu ya Kiingereza. Tulikuwa watu saba barazani kwa mama mmoja wa Area C, mwezi wa Januari, mawingu yakipita juu ya Dodoma bila kudondosha hata tone, na nakala moja ya tamthilia ikizunguka mkono kwa mkono. Utaratibu wetu ni ule ule siku zote: anayesoma anatafsiri papo hapo, wanaosikiliza wanacheka au wanapiga miayo, na mama mwenye nyumba analeta chai ya tangawizi na kutoa maoni kwa sauti kuliko wote. Zamu ilikuwa ya mwalimu mmoja wa sekondari, kijana mwepesi wa ulimi. Alipofika pale wakubwa wa kampuni wanapogongeana glasi kusherehekea namna mpya ya kuandika hesabu, akanyamaza. Akarudia kusoma kimoyomoyo. Kisha akainua uso.

"Jamani, hawa wanasherehekea nini? Mbona hawajauza kitu bado?"

Nimesoma mengi kuhusu anguko la kampuni ile, Enron, mengine marefu na yenye michoro, na sijakutana na swali lililolenga shabaha kuliko hilo.

Tamthilia yenyewe ni Enron, ya Mwingereza Lucy Prebble. Ilipanda jukwaani mara ya kwanza Chichester mwaka 2009, ikiongozwa na Rupert Goold, kisha ikahamia London na kujaza kumbi. Inasimulia kampuni iliyokuwepo kweli. Enron ya Houston, Texas, ilizaliwa 1985 kwa kuunganisha kampuni mbili za mabomba ya gesi, ikakua hadi kuwa dalali wa gesi, wa umeme na wa karibu kila kitu kinachoweza kuwekewa bei. Jarida la Fortune liliitaja miaka sita mfululizo kuwa kampuni bunifu kuliko zote Marekani. Kwa mwaka 2000 ilitangaza mapato ya zaidi ya dola bilioni 100, na Agosti mwaka huo hisa yake moja ilikuwa ikiuzwa karibu dola 90. Tarehe 2 Desemba 2001 ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. Wanaotembea jukwaani ni wale wale waliokuwa kwenye magazeti: Kenneth Lay, mtoto wa mhubiri, mwenye tabasamu la baba wa ukoo, Jeffrey Skilling, kichwa kinachoamini kwamba wazo ni mali kuliko bomba, na Andrew Fastow, mkuu wa fedha, fundi wa mitambo ya chini kwa chini.

Sasa turudi kwenye zile glasi. Mwaka 1992 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani waliikubalia Enron itumie, kwa mikataba yake ya gesi, uhasibu wa kuandika mali kwa thamani ya soko badala ya kusubiri fedha iingie: mark to market, yale maneno matatu yaliyotukwamisha. Hilo ndilo linalonywewa shampeni. Ili baraza zima lielewe ilibidi tulilete nyumbani.

Chukua mkulima wa zabibu wa Hombolo. Ana ekari mbili, anavuna mara mbili kwa mwaka, na leo asubuhi amesaini na kiwanda cha mvinyo mkataba wa kuuza zabibu kwa miaka kumi. Kwa hesabu za bibi yangu, mtu huyo ana karatasi mkononi na jembe begani, basi. Kwa hesabu za Enron ameshapata faida ya miaka kumi, yote, leo, kabla ya chakula cha mchana. Anaiandika. Anajilipa bonasi kutokana nayo. Anaipeleka benki na kukopea. Ubwiri unga ukiingia shambani, au kiwanda kikisema matangi yamejaa na malipo yasubiri (wakulima wa huku hawahitaji kuelezwa maana ya kusubiri), hayo ni ya mbele ya safari. Na bei ya zabibu ya mwaka wa nane anaikadiria nani? Anaikadiria yeye mwenyewe, jioni, akiwa na furaha.

Utamu unaishia mwaka unaofuata. Faida ya miaka kumi imeshaandikwa, kwa hiyo daftari la mwaka wa pili linaanza tupu. Akitaka aonekane anakua, lazima asaini mkataba mwingine, mnono zaidi, na mwaka wa tatu mwingine. Hapo ndipo Enron ilipofika. Julai 2000 ilisaini na Blockbuster, kampuni ya kukodisha filamu, mkataba wa miaka 20 wa kupeleka filamu majumbani kwa njia ya mtandao. Teknolojia yenyewe ilikuwa bado inajaribiwa, lakini zaidi ya dola milioni 110 za faida zikaandikwa vitabuni. Machi 2001 mkataba ukavunjika.

Mhasibu aliyekuwa kati yetu, mtu wa wizara moja kule Mtumba, hakutaka tuondoke na somo nusu. "Msiutukane uhasibu," alisema. "Ukiwa na hisa zinazouzwa kila siku, kuziandika kwa bei ya leo ndiyo haki yenyewe. Kasheshe ni pale soko linapokuwa ni wewe." Nadhani hapo alimzidi hata mwandishi wa tamthilia, ambaye kwa haraka ya kuchekesha anaiacha hadhira ikidhani kila hesabu ya namna hiyo ni uchawi.

Tukajaribu kuyapatia yale maneno matatu jina la Kiswahili. Mmoja akasema "hesabu ya mbegu". Mama mwenye nyumba akaangua kicheko: "Mbegu tena? Hiyo si DECI!" Watu wa rika langu hawahitaji maelezo: ni ule upatu uliosimamishwa 2009, ambako kutoa hela kuliitwa kupanda mbegu na kulipwa kuliitwa kuvuna. Lakini DECI ilikuwa nyepesi kuielewa. Aliyevuna alivuna hela ya aliyepanda nyuma yake, hela ya kweli, ya kushikika. Enron ilikuwa inavuna kutoka kwa watu ambao bado hawajafika shambani. Mwishowe mwalimu akashika kalamu na kuandika pembeni ya ukurasa: kuvuna kwa kalamu. Tukapita.

Si mara ya kwanza Kiswahili kupambana na biashara jukwaani. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice akaiita Mabepari wa Venisi, na kwa kuchagua neno moja akawa ametoa hukumu kabla pazia halijafunguka. Ndani yake Antonio anajifunga kwa deni akitegemea merikebu zilizo bado baharini. Angalau Antonio anajua kwamba merikebu hazijatia nanga. Skilling angeziandika kuwa zimeshashusha mzigo.

Uchaguzi ule wa Mwalimu unanipeleka kwenye jambo lililonikera usiku ule, na linanikera hata sasa. Kiswahili chetu kina hazina kubwa ya kumtaja mwizi. Tuna fisadi, mpigaji, mlaji, papa na dagaa wake. Tuna kuchota, kukwapua, kupiga dili, changa la macho, malipo hewa. Tuna vijisenti, neno lililomtoka waziri mmoja 2008 alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa kwenye akaunti ng'ambo, na ambalo tangu siku hiyo limekataa kuondoka mitaani. Na juu ya yote tuna kula. Wamekula. Wanakula. Acha nao wale. Neno hili ni tamu kulitamka, linatoa hasira kifuani, na lina ubaya mmoja mkubwa: linaishia mdomoni. Ukishasema mtu kala, hakuna anayeuliza chakula kilipikwa jiko gani, nani alichota maji, sahani ilipita mikono mingapi. Kula hakuna hatua. Ulaghai wa fedha wa kiwango hiki ni hatua tupu.

Kumbuka Februari 2008, mji huu huu. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake kuhusu Richmond, kampuni iliyopewa mwaka 2006 mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 wakati ukame umetuweka gizani, ikijitambulisha kuwa ya Houston, Texas. Ndiyo, Houston ile ile. Sidai uhusiano wowote kati ya hizi mbili. Nasema tu kwamba mtunzi wa tamthilia angebuni sadfa hiyo tungemwambia amezidisha chumvi. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Kinyozi, daladala, genge la nyanya, kote redio ilikuwa imewashwa na watu wamenyamaza kama wako ibadani. Ripoti ile ilikwenda hatua kwa hatua: zabuni ilivyoendeshwa, uwezo wa kampuni ambao haukuwepo, mkataba ulivyohamia kampuni nyingine, Dowans. Muulize leo mtu aliyekuwa kwenye kiti cha kinyozi siku ile kilitokea nini. Atakujibu kwa neno moja, unalijua. Hatua zimepotea, limebaki tumbo.

Kwa sababu hiyo naithamini Enron kuliko michezo mingi yenye hasira zaidi. Prebble anakataa kutuambia kwamba wamekula. Anatuonyesha wanavyopika. Fastow anapomweleza bosi wake jinsi ya kuficha madeni anatumia maboksi: kubwa, ndani yake dogo, ndani ya hilo dogo zaidi, hadi kinabaki kiboksi kidogo kinachowaka mwanga mwekundu. Sheria za uhasibu za wakati ule ziliruhusu kampuni ya pembeni isihesabiwe kuwa yako ikiwa mtu mwingine ameweka humo mtaji wake, wa kupotea au kupona, walau sawa na asilimia 3 ya mali zake. Asilimia 3! Ni sawa na kujenga nyumba Kisasa, jirani akanunua kitasa cha mlango, halafu ukamwambia afisa wa benki kwamba deni la nyumba halikuhusu. Kampuni mojawapo Fastow aliiita LJM, herufi za mwanzo za majina ya mkewe na wanawe wawili, na bodi ilisimamisha kanuni zake za maadili ili mkuu huyo wa fedha aruhusiwe kukaa pande zote mbili za meza. Msanii gani angeongeza kitu hapo?

Wakati tunacheka habari ya kitasa nilikumbuka Kongwa, ambako ni chini ya saa mbili kutoka barazani tulipokuwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika kwa mahesabu yaliyofanywa mezani: zaidi ya ekari milioni tatu kufyekwa, mafuta ya kula kuwafikia Waingereza waliokuwa bado wanapimiwa chakula baada ya vita. Matrekta yalichakaa kwenye visiki, mibuyu ikagoma, udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama sakafu, na mvua ikaja inavyokuja Ugogoni siku zote, yaani kwa hiari yake. Mradi ulifutwa 1951, na zaidi ya pauni milioni 36 za walipa kodi zikawa zimekwenda. Wale hawakuwa wezi. Walivuna kwa kalamu wakiwa na nia njema, na mavuno yalipokataa, hatimaye walilisema bungeni kwao kwa aibu. Nimelitafakari hilo mara nyingi. Kalamu ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa ujinga tu. Uhalifu unaanza mwaka wa pili, pale mtu ameshaliona shamba kwa macho yake, ameona halina kitu, na bado anashika kalamu ile ile.

Kisha wakaja wale wanyama.

Fastow aliziita kampuni zake kadhaa za kuficha hasara Raptor, jina la dinosaria wala nyama, na kwenye tamthilia zinatokea kweli: waigizaji wenye vichwa vya mijusi mikubwa, wakinyatia chini ya ofisi, Fastow akiwalisha noti za dola. Wanakula deni. Kila hasara inayotupwa chini wanaimeza, na juu mizania inang'aa. Watazamaji wa London waliipenda picha hiyo, nami naielewa, ila kwetu mjusi mkubwa ni katuni. Mwalimu alipouliza tuwaiteje, jibu lilitoka vinywa vitatu kwa pamoja: fisi.

Hapa Kanda ya Kati hakuna asiyejua habari ya fisi wa kufugwa. Usiku mchawi anawatoa uvunguni, wana alama zao, wana kazi zao, na asubuhi mwenyewe yuko kisimani anasalimia watu kama kawaida. Fisi ana sifa moja ambayo dinosaria hana: tunamjua njaa yake. Anakula mfupa, anakula ngozi, anakula viatu. Na mfugaji wa fisi ana tatizo moja ambalo kila mtoto wa kijijini analijua bila kufundishwa. Mmoja wetu, binti anayesoma sanaa pale UDOM, alilitaja kwa upole kabisa: "Nyama ikiisha, watamla nani?"

Hilo ndilo jibu la jinsi Enron ilivyokufa, na vitabu vya uhasibu vinatumia kurasa nyingi kulifikia. Fisi wale walitakiwa kuikinga Enron dhidi ya hasara. Walikuwa na nini cha kulipia? Walikuwa na hisa za Enron yenyewe. Hisa zikipanda, fisi wameshiba na wanabeba chochote. Hisa zikishuka, hasara inaongezeka siku ile ile ambayo walinzi wanakosa nguvu, na wanageuka kumtafuna aliyewafuga. Oktoba 2001 kampuni ilipolazimika kutangaza hasara na kupunguza thamani yake kwa zaidi ya dola bilioni moja kwa sababu ya Raptor, soko lilisikia mifupa ikivunjika. Wiki saba baadaye hakukuwa na kampuni. Nikipata siku moja ukumbi wa Chimwaga na waigizaji kumi, nitawatoa fisi kwa ngoma ya Kigogo, muheme taratibu kwanza, na sitaeleza kitu kingine.

Wengine waliomo nitawapitia haraka, kwa sababu Prebble naye anawachora kwa mistari michache. Wajumbe wa bodi ni panya vipofu. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya New York, ni mapacha walioungana ndani ya koti moja. Arthur Andersen, wakaguzi wa hesabu, ni bwana mwenye mwanasesere anayesema badala yake. Nje ya jukwaa Andersen ilichana nyaraka za Enron wakati wachunguzi wako njiani, ikahukumiwa 2002, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta hukumu hiyo 2005 hapakuwa na kampuni ya kurudi kazini. Kwa msomaji wa Dodoma, ambako kila Aprili tunahesabu taasisi zilizopata hati safi kama timu zilizoshinda, kuna neno dogo la kukumbuka: Enron ilikuwa ikipewa hati safi kila mwaka. Hati inasema vitabu vinakubaliana na kanuni. Kanuni iliyosema asilimia 3 inatosha ilikuwemo.

Tamthilia hii ilipopelekwa Broadway, kwenye kumbi za New York, ilifunguliwa tarehe 27 Aprili 2010 na kufungwa tarehe 9 Mei. Siku kumi na mbili. Zimesemwa sababu nyingi, mhakiki mkali wa gazeti moja kubwa akiwa ya kwanza. Mimi nina dhana yangu. London iliwacheka Wamarekani. New York ilitakiwa ijicheke yenyewe, tena mwaka na nusu tu baada ya wale mapacha wa koti moja kuanguka kweli, Septemba 2008, na kuvuta dunia nzima. Mtu aliyetoka kupoteza nyumba hapendi kuonyeshwa fisi wakicheza. Hasa akionyeshwa kwamba hisa zilipokuwa zinapanda naye alikuwa akipiga makofi.

Na hapo ndipo Prebble anaponiacha nusu njia. Anampenda Skilling. Anampa mwanga wote, mzaha wote, binti mdogo anayeuliza kwa nini, kwa nini, hadi baba anaishiwa majibu, na mwishoni anampa nafasi ya kusimama mbele ya mstari wa bei za hisa uliopanda na kuporomoka na kutetea kwamba mstari huo ndio sisi, ndio binadamu. Ni hotuba nzuri. Inamsafisha mno. Yule halisi alijiuzulu Agosti 2001 baada ya miezi sita tu ya ukurugenzi mkuu, akafungwa 2006 kwa miaka 24, ikapunguzwa 2013 kuwa 14, akatoka 2019. Lay alifariki Julai 2006 kabla ya kusomewa adhabu. Na wale maelfu waliofukuzwa kazi, ambao sehemu kubwa ya akiba yao ya uzeeni ilikuwa hisa za Enron? Ambao Lay aliwaambia Septemba 2001 kwamba hisa zile ni bei ya bure, wanunue? Kwenye mchezo wanapita kama kivuli. Tunalia nao kidogo, kisha tunarudi kwa Skilling.

Mama mwenye nyumba hakulia nao hata kidogo. "Wamekula, wamekula tu hao," alisema akikusanya vikombe. "Ndivyo walivyo. Kama yule wetu."

Yule wetu. Baraza zima lilicheka kwa sababu nusu yetu tulikuwemo.

Kiswahili kinaita mchezo kile wanachofanya waigizaji, na kinaita mchezo kile wanachofanya akina mama wa sokoni wakichangiana kwa zamu. Miaka michache nyuma tulicheza mchezo pale Majengo. Majina 20, kila mmoja shilingi 20,000 kwa wiki, anayefikiwa anapokea 400,000. Kijumbe wetu alikuwa dada muuza vitenge, mtu wa swala tano, mwenye daftari la kaunta lililopigwa mistari kwa rula na wino mwekundu. Yeye hakuwa na jina kwenye orodha. Kila anayepokea alimpa hela ya soda. Mimi nilikuwa namba 17. Wiki ya kumi na tano kijumbe hakuonekana. Tukaja kugundua kwamba namba tatu na namba tano hawajawahi kuwepo duniani. Walikuwa majina. Yeye alipokea zamu zao akaongeza mtaji wa vitenge, akawa anawachangia kila wiki kutoka kwenye mauzo, na mauzo yalipolegea akafungua mchezo wa pili ili uchangie wa kwanza. Fisi wake walikuwa wawili, nao hawakuwa na kitu cha kula ila michango yetu.

Tulimtukana mji mzima. Kala hela zetu. Nilisema hivyo mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watoto.

Usiku ule barazani, Enron ikiwa imefunikwa juu ya meza, mhasibu aliomba karatasi. Alitaka tu kuona, alisema, kwa vile ni kazi yake. Kwa wiki 14 majina yote 20 yalichanga, hewa na ya kweli. Waliofikiwa walikuwa 14. Kila mmoja alipokea 400,000 akiwa amechanga 280,000. Ana 120,000 za ziada mkononi. Sita tulikuwa hatujafikiwa. Kila mmoja wetu alipoteza 280,000, jumla 1,680,000. Ziada ya majina mawili hewa, yaani ya kijumbe, ni 240,000.

Mwalimu akaichukua karatasi. "Na 1,440,000 iliyobaki?"

"Iko kwa wale kumi na wawili waliopokea," alisema mhasibu, "ambao kijumbe alipokimbia waliacha kuchanga siku hiyo hiyo."

Hakuna aliyesema neno. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa namba sita, akainuka kwenda kuongeza chai.